Dk. Hale Carpenter: Tabibu aliyefumbua fumbo la vipepeo wa Visiwa vya Sese

NONDO anayelala mchana juu ya gome la mgunga katika nyika ya Ifo, Garissa, si rahisi kuonekana. Mabawa yake ya rangi ya majivu, yenye mistari na madoa meusi, hulingana na gome lenyewe kiasi kwamba mchungaji aweza kuegemea mti huo kutwa nzima asijue kuwa ana jirani aliye hai.

Kwa mtaalamu wa wadudu, kumwona nondo wa namna hiyo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kumtambua: kujua kama wawili wanaofanana ni wa spishi moja kweli, au kama watatu wasiofanana hata kidogo ni watoto wa mama mmoja. Rangi inayomdanganya ndege humdanganya na msomi pia.

Miongoni mwa watu waliolishughulikia fumbo hilo katika ardhi ya Afrika Mashariki, yumo Dk. Geoffrey Douglas Hale Carpenter, Mwingereza aliyefika Uganda mwaka 1910. Alitumwa kumchunguza mbung'o, mdudu aenezaye malale. Alitimiza alichotumwa, lakini jina lake likabaki katika vitabu vya sayansi kwa sababu ya vipepeo wa msituni ambao wakati huo hakuna aliyekuwa na hakika ni spishi ngapi.

Carpenter alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1882 huko Eton, Uingereza, ambako baba yake, Philip Herbert Carpenter, alikuwa mwalimu katika shule maarufu ya mahali hapo. Elimu ya viumbe ilikuwa urithi wa nyumba hiyo. Babu yake, William Benjamin Carpenter, alikuwa tabibu na mtaalamu mashuhuri wa maumbile, na baba mwenyewe alikuwa bingwa wa viumbe wa baharini. Baba huyo alifariki mwaka 1891, mwanawe akiwa bado mtoto.

Kijana Carpenter alisoma Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akajifunza udaktari katika Hospitali ya St George's jijini London. Huko Oxford ndiko alikokutana na Profesa Edward Poulton, mtu aliyekuja kuwa mwalimu na rafiki yake kwa miongo mingi iliyofuata.

Poulton alikuwa ameshika uprofesa wa elimu ya wadudu tangu mwaka 1893, na alikuwa mtetezi mkubwa wa nadharia ya Charles Darwin wakati ambapo wasomi wengi walikuwa wameanza kuitilia shaka. Alishikilia kwamba rangi za wadudu hazikutokea kwa bahati tu. Kwa maoni yake, mdudu aliyefanana na gome, na yule aliyefanana na mdudu mwingine mwenye ladha mbaya, wote wawili walichongwa na midomo ya ndege: asiyefanana vizuri aliliwa, aliyefanana akabaki na kuzaa.

Nadharia hiyo ilipendeza masikioni, lakini ilihitaji ushahidi kutoka mahali ambapo wadudu hao waliishi. Carpenter ndiye aliyepelekwa na ajira yake mahali hapo.

Alipofika Uganda, nchi ilikuwa bado katika msiba. Ugonjwa wa malale ulikuwa umelipuka huko Busoga karibu na mwaka 1900, ukatambaa kando ya Ziwa Viktoria na kuingia visiwani. Mgonjwa alianza kwa homa, akafuatiwa na kudhoofu, kuchanganyikiwa na usingizi usiokatika, na mwisho wake ulikuwa kifo. Watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka michache.

Mwaka 1903 ilithibitishwa kwamba malale huletwa na kijidudu kiishicho katika damu, na kwamba kijidudu hicho huchukuliwa na mbung'o wa kandokando ya maji. Dawa ya kuaminika haikuwepo. Gavana Hesketh Bell akaamua kuwatenga watu na mbung'o, na kati ya mwaka 1906 na 1909 wakazi wa mwambao na wa visiwa waliamriwa kuhama.

Kwa watu wa Sese hilo halikuwa jambo dogo. Walikuwa wavuvi na mabaharia wa mitumbwi waliosifika katika ufalme wa Buganda, na katika visiwa vyao ndimo yalimokuwa maziara makuu ya Mukasa, mwenye kuheshimiwa kuwa mlinzi wa ziwa. Waliacha migomba, makaburi na nyumba zao. Nyuma yao msitu ukaanza kuyafunika mashamba.

Katika visiwa hivyo vilivyobaki bila watu ndimo Carpenter alimopiga hema. Alifanya kazi katika Kisiwa cha Damba, kisha Bugala, kilicho kikubwa kuliko vyote vya Sese, na baadaye Kome. Swali alilopewa lilikuwa la maisha na kifo: je, watu wakiondoka, mbung'o atapoteza sumu yake, na ni lini wenyeji wataweza kurudi makwao?

Wafugaji wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, wanaomjua mbung'o kwa hasara anayoileta katika mifugo, wataelewa ugumu wa kazi hiyo. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wa kawaida. Jike huzaa funza mmoja kwa wakati mmoja, na funza huyo hujichimbia katika udongo mwepesi na kugeuka pupa. Anayetaka kujua mbung'o wanazaliwa wapi hana budi kupiga magoti na kuchekecha mchanga kwa mikono.

Carpenter alifanya hivyo, ufuko kwa ufuko. Aligundua kwamba mbung'o wa ziwani hupenda mchanga mkavu au changarawe iliyo jirani na maji, mahali penye kivuli. Kutokana na hilo alipendekeza watengenezewe vivuli bandia ufukoni, ili waje kuzaa hapo na pupa zao zikusanywe na kuangamizwa.

Jibu la swali la pili lilikuwa zito zaidi. Miaka ilipita tangu watu waondoke, lakini mbung'o wa visiwani waliendelea kubeba vijidudu. Uchunguzi wa Carpenter na wenzake ulielekeza kidole kwa nzohe, swala wa kinamasi aliyejaa katika visiwa hivyo. Damu yake ilikuwa akiba ya vijidudu na chakula cha mbung'o. Kwa hiyo kuwahamisha watu peke yake hakukutosha kuusafisha ugonjwa.

Ni katika saa zilizobaki za siku, baada ya kuhesabu mbung'o na kupasua matumbo yao chini ya hadubini, ndipo tabibu huyo aliposhika wavu na kuingia msituni kufuata vipepeo.

Katika misitu ya kandokando ya Ziwa Viktoria huishi vipepeo wa kundi ambalo enzi hizo liliitwa Planema, na ambao leo huwekwa katika jenasi ya Acraea. Wana ladha mbaya, huruka polepole bila hofu, na rangi zao huwa kama bango la kumwonya ndege. Kati yao wako wenye baka jeupe, wenye mkanda wa rangi ya chungwa, na wengine wa hudhurungi.

Pamoja nao huruka vipepeo wa ukoo mwingine kabisa, Pseudacraea, ambao wameyaiga mavazi hayo kwa ufundi wa kushangaza. Kila vazi la Planema lilikuwa na mwigaji wake. Wataalamu wa makumbusho ya Ulaya, walipopokea vipepeo hao wakiwa wamekaushwa na kuchomwa pini, walifanya kama ambavyo mtu yeyote angefanya: kila waliyemwona ana sura tofauti walimpa jina lake, kana kwamba ni spishi inayojitegemea.

Hata hivyo, mashaka yalikuwapo. Karibu na mwaka 1910 mtaalamu Karl Jordan alichunguza via vya uzazi vya vipepeo hao akaona havitofautiani, na akatoa rai kwamba wote ni wa spishi moja, Pseudacraea eurytus. Lakini rai ya mezani, hata iwe nzuri namna gani, haikuwa ushahidi wa kizazi. Ilibidi mtu awalee.

Njia ya Carpenter ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda. Alimkamata jike aliye hai, akasubiri atage, akawatunza viwavi kwa majani mabichi siku baada ya siku, akawalinda dhidi ya ukungu na wadudu wengine, kisha akangoja pupa zipasuke. Alipata alichokitafuta: mama wa vazi moja alizaa watoto wa vazi jingine. Majina yaliyokuwa yakisimama peke yao katika vitabu yakawa ya ndugu wa nyumba moja.

Somo la kwanza la kazi hiyo lilikuwa onyo kwa kila mwenye kutambua wadudu. Sura ya mabawa ni ushahidi, lakini si hukumu. Anayetaka kujua ukoo wa mdudu yampasa kumwuliza mama yake.

Somo la pili lilikuwa kubwa zaidi, na lilitokana na hali ya visiwa vyenyewe. Karibu na Entebbe, upande wa bara, daktari mwenzake C. A. Wiggins alikuwa amekusanya vipepeo wengi wa makundi yote mawili. Huko Planema walikuwa tele kuliko waigaji wao, na waigaji walikuwa nadhifu: kila mmoja alivaa vazi lake kamili, na wenye mavazi ya mchanganyiko walikuwa wachache sana.

Visiwani mambo yalikuwa kinyume. Planema walikuwa haba, waigaji wakawazidi kwa wingi, na miongoni mwa waigaji hao walijaa wale wa katikati, wasiofanana sawasawa na yeyote. Mmoja alikuwa na nusu ya mkanda, mwingine na baka lililofifia, kama fundi aliyeacha kazi kabla ya kuimaliza.

Carpenter alieleza tofauti hiyo kwa hoja iliyo wazi. Mahali ambapo ndege hukutana mara kwa mara na kipepeo mchungu, huijua sura yake na kuiogopa, na mwigaji hupona akifanana naye barabara. Anayefanana kwa nusu hutambuliwa na kuliwa. Lakini mahali ambapo wachungu ni wachache, ndege hawana cha kukumbuka, na mwigo mzuri haumlindi mtu kuliko mwigo mbaya. Kwa hiyo wale wa katikati huendelea kuishi na kuzaa.

Kwa maneno mengine, mkono wa uteuzi wa asili ulikuwa ukionekana ukifanya kazi Entebbe, na ukionekana umelegea Bugala. Ushahidi wa namna hiyo ulikuwa nadra wakati huo. Mwaka 1915 Reginald Punnett wa Cambridge alitoa kitabu akidai kwamba mfanano wa vipepeo hutokea ghafla, na kwamba ndege hawana mchango mkubwa. Hesabu za tabibu wa Uganda zilisimama upande wa pili wa mizani.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akiwa katika kazi hizo. Alitumika kama daktari wa jeshi upande wa mpaka wa Uganda na koloni la Wajerumani, kisha akasonga na majeshi ndani ya nchi ambayo leo ni Tanzania bara, na hatimaye Msumbiji. Mwaka 1918 alitunukiwa nishani ya MBE. Katika kambi na misafara hiyo yote hakuacha kukusanya wadudu na kuandika habari zao, na barua zake kwa Poulton ziliendelea kufika Oxford.

Alifuga pia tumbili, na hao wakawa mahakimu katika jaribio lililojulikana sana. Carpenter aliwapelekea wadudu wa aina zaidi ya 200, mmoja mmoja, akaandika walichofanya: walimla, walimnusa na kumtupa, au walikataa hata kumgusa.

Matokeo yalionyesha mstari ulio wazi, ingawa haukukosa vighairi. Wadudu wenye rangi kali za kuonekana kwa mbali walikataliwa mara nyingi. Wale wa kujificha, wenye rangi ya gome, jani kavu au nyasi, waliliwa kwa uchu. Ikathibitika kwamba nondo wa rangi ya gome hajifichi kwa fahari. Yeye ni chakula kitamu, na kuonekana kwake ni kufa kwake. Habari za jaribio hilo zilichapishwa mwaka 1921.

Mwaka 1920 alitoa kitabu kuhusu maisha yake ya Ziwa Viktoria, chenye maelezo ya malale na mbung'o, na mwaka 1925 kikafuata kingine kuhusu Afrika Mashariki, kilichokusanya aliyoyaona Uganda na katika nchi alizopita wakati wa vita. Vitabu hivyo viliwafikishia wasomaji wa mbali habari za viumbe wa ukanda huu kwa kalamu ya mtu aliyewaona wakiwa hai.

Mwaka 1933 Poulton alistaafu, na aliyeteuliwa kurithi kiti chake cha uprofesa huko Oxford alikuwa Carpenter. Mwaka huohuo alitoa kitabu kuhusu uigaji wa wadudu kwa kushirikiana na E. B. Ford, kijana aliyeshughulikia elimu ya urithi. Ushirikiano huo ulikuwa na maana, kwa kuwa ulikutanisha uzoefu wa msituni na hesabu za vinasaba.

Akiwa profesa, aligeukia hoja moja ya wapinzani iliyokuwa bado imesimama, kwamba ndege hawali vipepeo kiasi cha kuwabadilisha. Carpenter alianza kukusanya vipepeo wenye alama za midomo ya ndege mabawani, yaani alama za waliokamatwa wakaponyoka. Kwa miaka mingi alipanga ushahidi huo, akaonyesha kwamba ndege huwashambulia vipepeo mara nyingi kuliko walivyodhani wapinzani.

Alikuwa Rais wa Chama cha Kifalme cha Elimu ya Wadudu cha Uingereza mwaka 1945 na 1946, na mwaka 1948 akaachia uprofesa. Hakuacha kazi. Katika miaka yake ya mwisho alishughulika na vipepeo wa jenasi ya Euploea wa visiwa vya Pasifiki na Australia, nao pia wakiwa kundi lenye sura nyingi za kuchanganya. Alifariki tarehe 30 Januari 1953, akiwa na umri wa miaka 70.

Katika majira ya joto ya mwaka huohuo, Bernard Kettlewell, ambaye Ford alikuwa amemkaribisha Oxford, aliingia katika msitu mmoja karibu na Birmingham akiwa na nondo waliotiwa alama. Nondo hao walikuwa wa spishi moja yenye sura mbili: wapo weupe wenye vidoadoa na wapo weusi. Magome ya miti ya hapo yalikuwa yameingia masizi ya viwanda, na Kettlewell aliona kwamba weusi walinusurika zaidi. Mwaka 1955, katika msitu safi wa Dorset, walionusurika zaidi walikuwa weupe.

Jaribio hilo lilipata umaarufu duniani kote, likapingwa na baadhi ya watu kwa namna lilivyofanywa, kisha likarudiwa. Michael Majerus wa Cambridge aliachia nondo karibu 5,000 kwa miaka kadhaa, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2012 baada ya kifo chake, yalithibitisha kwamba ndege huwala zaidi nondo wasiolingana na gome. Swali lilikuwa lilelile la Bugala: nani anaonekana, na nani anasalia.

Kwa upande wa malale, historia haikuwa nyepesi. Wakazi wa Sese waliruhusiwa kurejea kuanzia karibu na mwaka 1920, lakini wengi walikuwa wamekufa au wamezeeka ugenini, na visiwa vilichukua miongo mingi kupata watu tena. Ile miaka ya ukimya iliyompa Carpenter uwanja wa utafiti usio na kifani ilikuwa kwa wenyeji miaka ya kupotewa na makazi. Mambo hayo mawili hayawezi kutenganishwa katika kuusimulia wasifu wake.

Leo Bugala ni kitovu cha wilaya ya Kalangala, yenye vivuko, shule na hoteli za watalii. Kilimo cha michikichi kilichoanza miaka ya 2000 kimewaletea wakulima wengi kipato, na pia kimechukua sehemu kubwa ya msitu wa asili ambamo vipepeo hao waliruka.

Vipepeo waliokusanywa na Carpenter wangali katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford, kila mmoja na kikaratasi cha mahali na tarehe chini ya pini. Wako wenye baka jeupe, wenye mkanda wa chungwa na wale wa katikati wasiokamilika, wamepangwa chini ya jina moja. Kwa anayemtazama nondo juu ya mgunga wa Ifo na kujiuliza ni nani, safu hizo za vipepeo zina jibu la kwanza: asubiri amwone na watoto wake.